Laringoskopu moja ya video kwa hospitali yetu: ninunue ipi?

Swali: "Habari za kazi, daktari. Mimi ni afisa wa usingizi katika hospitali ya misheni huku West Nile. Tuko wawili tu, na mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Wafadhili wametupa pesa za kununua laringoskopu moja ya video, ile ya kuchungulia koo kwa kamera tunapoweka mrija wa hewa. Muuzaji mmoja wa Kampala ananipigia simu kila siku kuhusu GlideScope, mwingine ana C-MAC, rafiki yangu niliyesoma naye haambiliki kwa McGrath, na mtandaoni nimeona za Kichina zinazouzwa bei ya chini sana. Kesi zetu nyingi ni upasuaji wa kujifungua, halafu ajali za boda boda na matumbo. Ipi bora? Na zile Macintosh zetu za zamani, zisizo na kamera, tuzifanye nini?"

Jibu: Kazi ni njema, dada, na pole kwa kubaki peke yako thieta. Nianze na jibu lenyewe, maana najua simu ya wodi ya wazazi inaweza kulia kabla hujamaliza kusoma. Nunua yenye bledi, kile kipande kinachoingia mdomoni, ya umbo la Macintosh, inayooshwa na kutumika tena, yenye betri ya kuchaji, na ambayo skrini ikizimika katikati ya kazi bado unaweza kuchungulia kwa macho yako mwenyewe ukaweka mrija. Jina lililoandikwa kwenye mpini ni la kuangalia baadaye. Na kabla hujalipa hata shilingi moja, hakikisha thieta yako ina buji, ile fimbo nyembamba yenye ncha iliyopinda kidogo ambayo mrija huteleza juu yake, na kapnografu, mashine inayoonyesha kabonidioksaidi kwenye pumzi ya mgonjwa. Kama havipo, sehemu ya pesa hizo iende huko kwanza.

Sasa nieleze kwa nini.

Wauzaji huzipanga mashine hizi kwa majina ya kampuni. Sisi tunaoweka mirija inafaa tuzipange kwa umbo la bledi, kwa sababu umbo ndilo linaloamua mkono wako utafanya nini. Kuna zenye umbo lile lile alilolitoa daktari wa usingizi Robert Macintosh kule Oxford mwaka 1943, ila zimewekewa kamera karibu na ncha. C-MAC ya Karl Storz ikiwa na bledi yake ya kawaida, na McGrath MAC, ziko kundi hili. Kuna zilizopinda sana. Mwanzilishi wao ni GlideScope, iliyobuniwa na daktari mpasuaji wa Kanada, John Allen Pacey, ikaingia sokoni mwaka 2001, na mpindo wake ni kama digrii 60. C-MAC na McGrath nazo zina bledi za kupinda hivyo, zinauzwa kando. Halafu kuna zenye mfereji ubavuni ambamo mrija unatangulia kupachikwa, kama Airtraq, Pentax AWS na mojawapo ya bledi za King Vision. Za mfereji sitazisemea sana. Zinafanya kazi vizuri, lakini ni nene, zinataka mdomo ufunguke karibu sentimita 2, na mfereji ukielekea pembeni kidogo tu mrija nao unaelekea huko huko.

Tofauti ya yale makundi mawili ya kwanza niliijua kwa aibu, na wewe unafanya upasuaji wa kujifungua kila siku, kwa hiyo nikusimulie.

Ilikuwa usiku, hospitali fulani ya mkoa. Mama wa mimba ya kwanza, kifafa cha mimba, ameshapata degedege mara mbili, uso na ulimi vimevimba, na chembe za kugandisha damu zimeshuka kiasi kwamba sindano ya mgongoni haikuwezekana. Lazima nusukaputi, lazima mrija. Wiki hiyo tulikuwa tumeazimwa laringoskopu ya video ya bledi iliyopinda sana, na mimi nilikuwa na hamu nayo kama mtoto mwenye baiskeli mpya. Nikaingiza bledi. Kwenye skrini nyuzi za sauti zikatokea nyeupe, zimekaa katikati, kama picha ya kitabuni. Thieta nzima ikaziona. Nikachukua mrija wenye stileti laini, ule waya wa ndani unaoupa mrija umbo, nimeupinda kidogo kama nilivyozoea siku zote, nikauelekeza. Ukapita chini ya lengo. Nikauvuta, nikaujaribu tena, ukagonga pembeni. Naziona nyuzi, mrija nauona, na viwili hivyo havikutani. Mlio wa oksimeta, kipimo cha oksijeni kwenye damu, ukaanza kushuka ile ngazi tunayoijua sote, na ninyi mnaofanya kazi hii mnajua kwamba mama mjamzito haishiwi oksijeni polepole.

Nikatoa kila kitu, tukampa pumzi kwa barakoa huku msaidizi akikandamiza pale koo, asilimia zikapanda. Nikaomba Macintosh namba 3 ya zamani na buji. Nikachungulia: sikuona nyuzi za sauti, niliona kidakatonge tu, kile kifuniko cha njia ya hewa, na kivuli nyuma yake. Nikapitisha buji chini ya kivuli hicho, nikahisi ile mikwaruzo midogo ya pete za koo la hewa kwenye ncha za vidole, mrija ukateleza juu yake. Mtoto akalia dakika chache baadaye. Tulipokuwa tunafunga, muuguzi akaniuliza kwa upole, wala hakuwa na nia mbaya: "Daktari, lakini si tulikuwa tunaiona?"

Ndiyo, tulikuwa tunaiona. Laringoskopu ya video iliyopinda sana inakupa jicho lililozunguka kona, lakini mrija haujui kuzunguka kona. Ukiuachia mpindo wako wa mazoea, unapita chini. Ukiupinda vya kutosha ukafika kwenye nyuzi za sauti, ncha inagonga ukuta wa mbele wa koo la hewa, kwa sababu koo lenyewe kutoka pale linaelekea nyuma. Ndiyo maana bledi hizi zinataka stileti ngumu yenye mpindo sawa na wa bledi. Ncha ikishaingia kati ya nyuzi, msaidizi anaivuta stileti nyuma sentimita chache, wewe unauzungusha mrija kuelekea kulia, ndipo unateremka. Na kuna jambo linalowashangaza wengi: usitafute picha nzuri kupita kiasi. Ukilisogeza zoloto, pale penye nyuzi za sauti, mpaka likajaza skrini nzima, pembe ya mrija inakuwa mbaya zaidi. Rudisha bledi nyuma kidogo, uridhike na picha ya nusu, nafasi ya kupitisha itaongezeka.

Tena macho yana mpangilio wake: mdomoni unapoingiza bledi, kwenye skrini unapotafuta picha, mdomoni tena unapoingiza mrija, kisha skrini mpaka mwisho. Ile hatua ya tatu ndiyo watu wanairuka. Wanakodolea skrini huku mkono wa kulia unasukuma stileti ngumu gizani, na kaakaa laini au nyama za karibu na tonsili zinatobolewa bila mtu kuona. Majeraha ya aina hii yameripotiwa mara nyingi.

Usije ukadhani nakuambia video ni mapambo. Utafiti uko wazi kuliko ulivyokuwa miaka kumi iliyopita. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2022 yalikusanya tafiti 222 zenye watu wazima zaidi ya 26,000, na makundi yote matatu ya bledi yalipunguza kushindwa kuweka mrija. Mwaka 2023 kule Marekani, jaribio lililoitwa DEVICE kwa wagonjwa 1,417 walio mahututi lilionyesha kuwa mrija uliingia kwa jaribio la kwanza kwa asilimia 85.1 kwa video, dhidi ya 70.8 kwa kuchungulia moja kwa moja. Waliokuwa wanaweka mirija wengi wao walikuwa madaktari walio mafunzoni. Mwaka uliofuata hospitali ya Cleveland Clinic ikatoa matokeo ya operesheni zaidi ya 8,000, ambapo waliohitaji kujaribiwa zaidi ya mara moja walikuwa asilimia 1.7 kwa video na 7.6 kwa njia ya kawaida. Na hapa nisikufiche: hao wa Cleveland walitumia bledi iliyopinda sana, aina ile ile iliyoniaibisha mimi. Tofauti ni kwamba wao wanaitumia kila siku, wana stileti yake, wana wasaidizi wanaojua kuivuta.

Linganisha na jaribio la Ufaransa la mwaka 2017, MACMAN, lililofanywa katika vyumba vya wagonjwa mahututi kwa watu 371. Picha ya zoloto ilikuwa bora kwa video, lakini mrija haukuingia kwa mara ya kwanza zaidi ya njia ya zamani, asilimia 67.7 kwa 70.3. Ni kama kisa changu cha usiku ule, kimeandikwa kwa takwimu, ingawa bledi yao ilikuwa ya umbo la Macintosh. Ukizisoma tafiti hizi pamoja unaona kwamba kamera inasaidia sana pale mkono unapokuwa umezoea umbo la bledi na vifaa vya kuandamana nayo vipo mezani. Wewe uko peke yako, msaidizi wako ni muuguzi anayebadilika kila zamu, mkono wako umezoea Macintosh. Basi chukua Macintosh yenye kamera. Mwendo ni ule ule: ingia kulia, sogeza ulimi, weka ncha kwenye kile kishimo mbele ya kidakatonge, nyanyua. Buji inapita kama kawaida yake. Hakuna cha kujifunza upya saa nane usiku.

Ajali za boda boda ndipo faida nyingine ya umbo hili inapoonekana. Shingo imefungwa, huwezi kukikunja kichwa, na kamera inakupa picha bila kulazimisha shingo. Lakini hao hao wanakuja na damu mdomoni, na tone moja likigusa lenzi, skrini yote inakuwa nyekundu. Mfyonzo uingie kwanza, mbele ya bledi, ukisafisha njia, kisha uuache mdomoni upande wa kushoto ukiendelea kunyonya. Umeme ukikatika, ile pampu ya kukanyaga kwa mguu iwe chini ya meza, siyo stoo. Na lenzi ikishindikana, geuza macho kutoka kwenye skrini, tazama mdomoni. Kwa bledi ya Macintosh utaona kitu. Kwa ile iliyopinda sana utaona ulimi tu.

Kuhusu majina sasa. C-MAC ni imara, bledi zake za chuma zinadumu, picha ni nzuri sana, na bei yake ndiyo itakayokufanya ukae chini. Kama wafadhili wana uwezo huo na fundi wa Kampala yuko tayari kuihudumia, sina neno. GlideScope nimeshaisema, ni mashine nzuri kwa timu iliyoizoea, na siku hizi wana hata bledi za umbo la Macintosh, kwa hiyo yule muuzaji muulize anauza bledi gani kabla hajaendelea na hotuba yake. McGrath MAC naipenda mkononi, nyepesi, skrini iko juu ya mpini kwa hiyo macho hayasafiri mbali. Tatizo lake kwetu ni mawili: bledi ya plastiki ni ya kutumia mara moja, na betri yake haichajiwi. Ni betri yake maalumu ya dakika 250, na inapoisha lazima upate nyingine ya kampuni. Huwezi kuipata dukani Arua.

Hizo bledi za mara moja uzipigie hesabu na mhasibu wenu akiwa hapo. Ukiweka mrija mara 20 tu kwa mwezi, ni bledi 240 kwa mwaka, kila mwaka, na mfadhili ametoa pesa ya mashine, hakutoa ya bledi. Najua kitakachotokea kwa sababu nimekiona: mwezi wa tatu mtu anaanza kuziosha kwa Jik. Mwezi wa tano plastiki ina ufa na dirisha la kamera lina ukungu usiofutika, na mashine inarudi kwenye boksi lake. Halafu tunasema video haifai Uganda.

Za Kichina sizidharau. Nimetumia mbili. Moja bado inafanya kazi mwaka wa tatu, ina bledi za chuma za namba 2, 3 na 4, inachajiwa kwa waya ule ule wa simu, hata sola ndogo inaitosha. Nyingine, jina naliweka kando, bawaba ya skrini ililegea kabla ya mwaka, tukawa tunaishikilia kwa plasta. Tofauti niliijua baada ya kununua. Wewe ijue kabla. Shika skrini uikunjue mara hamsini mbele ya muuzaji. Uliza kama bledi inazamishwa majini yote au nusu. Uliza bledi ya akiba iko nchini au inaagizwa.

Hilo la kuzamisha majini si dogo. Bledi inagusa utando wa mdomo na koo, hivyo kufuta kwa spiriti hakutoshi. Inahitaji kuoshwa kwa sabuni na maji mara tu baada ya kazi, kabla makohozi hayajakauka, kisha dawa kali ya kuua vijidudu kama glutaraldehaidi kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine, kisha isuuzwe vizuri. Jik inakula chuma. Na waambie watu wa otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, mapema, kwa maandishi ukutani, kwamba kifaa chenye kamera hakiingii humo mpaka kitabu chake kiseme kinaingia.

Turudi kwenye kapnografu, ambayo hukuiuliza. Skrini inakuonyesha mrija ukipita, ni kweli, lakini mrija unaweza kuchomoka unapofunga plasta, na usiku wa uchovu macho huona yanachotaka kuona. Ripoti kubwa ya Uingereza ya mwaka 2011 kuhusu ajali za njia ya hewa, NAP4, ililaumu kukosekana au kutosomwa vizuri kwa kapnografu katika vifo na madhara ambayo yangeweza kuzuilika. Kanuni ni fupi: hakuna mawimbi ya kabonidioksaidi kwenye skrini, mrija hauko mahali pake mpaka uthibitishe vinginevyo. Hapa kwetu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 uliwauliza watoa usingizi 97 wa Uganda, na ni asilimia 6 tu waliokuwa na vifaa vyote vya kumlaza salama mama wa upasuaji wa kujifungua. Hali imebadilika tangu hapo, oksimeta zimesambaa, lakini bado naingia thieta zenye skrini ya video iliyotolewa msaada na hazina kapnografu. Lifebox, wale waliotusambazia oksimeta za manjano, sasa wana na kapnografu. Waandikie.

Buji nayo, nunua tano. Ndiyo kifaa cha bei ndogo kilichoniokoa mara nyingi kuliko chochote chenye skrini.

Kama mnapokea watoto wachanga, agiza na bledi za namba 0 na 1 siku hiyo hiyo. Huko Dublin mwaka 2024 walilinganisha kwa vichanga 214, na jaribio la kwanza lilifaulu kwa asilimia 74 kwa video na 45 bila video. Kama hampokei, usinunue bledi za kukaa kwenye droo.

Macintosh za zamani usizitupe wala usizipeleke stoo. Moja iwashwe na kujaribiwa kila asubuhi, ikae upande wa kulia wa kichwa cha mgonjwa hata siku unayotumia video. Na video yenyewe uianze kwa wagonjwa rahisi: ngiri, uvimbe wa mfuko wa uzazi, watu wenye meno mazuri na shingo ndefu. Fanya ishirini, thelathini hivi, ndipo uitegemee kwa mama mwenye kifafa. Mwenzako akirudi kutoka likizo, msimamishe kwenye skrini aone unachokiona. Na wanafunzi vilevile. Miaka yote tumefundisha kazi hii kwa kumuuliza mwanafunzi "umeona?" naye anajibu "ndiyo" bila kuona kitu. Hapo tu skrini imeshalipa nusu ya gharama yake.

Sehemu ya kuiweka mkubaliane na inchaji kabla haijafika. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mashine kama hii ilifungiwa kabatini kwa sababu ni ya thamani, na ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyelala nyumbani kwake kilomita nne kutoka hospitalini. Tuliitumia mchana tu, kwa wagonjwa ambao hawakuihitaji.

Yule muuzaji anayekupigia kila siku, mwambie akuletee mashine akuachie wiki moja. Siku ya kwanza izime skrini kwa makusudi katikati ya kesi rahisi uone kama bado unaweza kumaliza. Siku ya pili itoe kwenye chumba chenye baridi uingize mdomoni moja kwa moja uone lenzi inashika ukungu kiasi gani. Siku ya tatu acha betri iishe, uhesabu dakika. Akikataa kukuachia, mpe chai aende zake, upige namba ya yule mwingine.